Je, Wajua? Bonasi Iliyoibwa Mara Tatu

Je, wajua kwamba dalili ya kwanza ya dimensia kuonekana nyumbani huenda isiwe kusahau, bali kumwita mtu mwizi? Kwetu Kianjokoma, Kaunti ya Embu, mambo yalianza na bonasi ya majani chai. Nyanya yangu alipokea pesa zake mwezi wa Oktoba, akazihesabu, akazifunga kwenye leso, na leso akaizika ndani ya debe la mahindi. Wiki moja baadaye akamwambia mama yangu, mkaza mwanawe wa miaka mingi, "Umenilia bonasi." Tulitafuta, zikapatikana. Siku nne hazikupita, zikapotea tena, na mwizi akawa yule yule. Mara ya tatu mama alitoka nje akalia nyuma ya zizi. Sote hatukujua kwamba mgonjwa akisahau mahali alipoweka kitu, akili yake haimwambii "umesahau". Inamwambia kimechukuliwa. Naye anayeshukiwa huwa ni yule aliye karibu zaidi, yule yule anayempikia na kumfulia.

Je, wajua kwamba dimensia si jina la ugonjwa mmoja? Ni kama kusema "homa". Ni dalili zinazokwenda pamoja: kumbukumbu, lugha, hesabu, uamuzi na hata tabia huharibika kiasi cha mtu kushindwa na shughuli zake za kila siku. Chanzo huwa mbalimbali. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, nao huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa. Unafuatwa na madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu waliowahi kupata kiharusi, kikubwa au vidogo vidogo visivyotambulika.

Je, wajua tofauti ya kusahau kwa kawaida na kusahau kwa ugonjwa? Ukisahau ulikoweka panga, umri unakwenda. Ukiwa na panga mkononi, usijue linafanya kazi gani, nenda hospitali.

Je, wajua ni watu wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia duniani, na kila mwaka huongezeka karibu milioni 10. Gawanya mwenyewe: ni mgonjwa mpya takriban kila sekunde 3. Zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu, ambako tumezoea kusema maradhi haya ni ya Wazungu.

Je, wajua hesabu iliyo karibu nasi zaidi? Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, ni miteremko ya mlima, migomba, kahawa na watu waliozeekea kwenye mashamba yao. Ukimtoa mtu Kianjokoma akiwa amefungwa macho ukamfungua kule, atauliza tu mbona mlima umebadilika umbo. Watafiti walizunguka katika vijiji 6 vya Hai, wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimensia. Chukua benchi za mbele kanisani, zile za wazee. Kwa kiwango cha Hai, katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, 6 au 7 wanaugua. Sasa jiulize ni wangapi kati yao waliowahi kuambiwa na daktari jina la kinachowasumbua.

Je, wajua kwamba baada ya miaka 65 uwezekano wa kupata dimensia huongezeka karibu maradufu kila miaka 5? Hata hivyo wapo wanaofika 95 wakikumbuka deni la mtu la mwaka 1978. Umri hufungua mlango, ila si kila anayezeeka huupitia.

Je, wajua kwamba sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi? Nchi ina vijana wengi, kwa hiyo wazee huonekana wachache kwenye asilimia. Kwa idadi ya vichwa, hao ni zaidi ya mara nne ya watu wa Kaunti nzima ya Embu, iliyokuwa na watu 608,599 katika sensa hiyo hiyo.

Je, wajua jina Alzheimer lilitoka wapi? Mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye miaka 51. Alikuwa akisahau, akimshuku mume wake na kushindwa kuandika jina lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana ambazo mpaka leo ndizo alama za ugonjwa huo. Alitangaza alichokiona mjini Tübingen mnamo Novemba 3 mwaka huo huo. Tazama umri wa mgonjwa wa kwanza: miaka 51. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 9 ya visa huanza kabla ya miaka 65.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya hatari hii imo mikononi mwetu? Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani. Mwaka 2017 walikuwa wametaja 9, na mwaka 2020 wakataja 12. Ningependa orodha hii ibandikwe ukutani katika kila zahanati. Lakini orodha haisomeki kama haijafika nyumbani, kwa hiyo tuipeleke Kianjokoma.

Presha kwanza. Je, wajua kwamba presha inayoharibu ubongo wa mzee wa miaka 80 ni ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka 45? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na asilimia 56 ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Inatafuna taratibu vimishipa vidogo vinavyopeleka damu ndani kabisa ya ubongo, na siku unapoona matokeo yake, miaka 30 imeshapita. Kwa hiyo unaposoma haya ukiwa na miaka 40 na kitu, ukimfikiria mama yako, jifikirie na wewe. Kipimo chenyewe ni kufungwa mkanda mkononi kwa dakika chache.

Kisukari kiko kwenye orodha hiyo hiyo, na katika utafiti huo wa 2015 waliokuwa hawajawahi kupimwa sukari walifika asilimia 88. Na je, wajua kwamba metformin, kidonge cha sukari kinachotumiwa sana, kikinywewa kwa miaka mingi kinaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 peke yake unaweza kumfanya mtu asahau? Usiache dawa. Omba upimwe damu.

Masikio. Hili huwashangaza wengi: kupungukiwa na usikivu katika umri wa kati ni miongoni mwa mambo yanayochangia zaidi katika orodha nzima, sawa na mafuta mabaya ya damu yale yanayoitwa LDL, kila moja likikadiriwa kuchangia asilimia 7. Asiyesikia vizuri hujitenga, ubongo wake hutumia nguvu nyingi kubahatisha maneno, na sauti zilizokuwa zikiuamsha hupungua. Babu, guka wetu, anayekaa pembeni kwenye harusi akitabasamu tu bila kujibu, usiseme ameanza kiburi cha uzee. Mchunguze masikio. Wakati mwingine ni nta iliyojaa, na muuguzi anaitoa siku hiyo hiyo.

Macho. Upungufu wa kuona usiotibiwa uliingia kwenye orodha mwaka 2024. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia watu 3,038 wenye mtoto wa jicho uliona kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na hatari ya dimensia iliyo chini kwa karibu asilimia 30 kuliko wale ambao hawakufanyiwa. Bado haithibitishi kwamba upasuaji ndio uliowakinga, lakini kuona tena ni faida tosha.

Je, wajua kwamba kukaa darasani utotoni hulinda ubongo uzeeni? Wataalamu huiita akiba ya akili: kadiri ubongo ulivyojifunza, ndivyo unavyopata njia za kuzungukia palipoharibika. Hapa lazima nisimame kidogo. Bibi wa Kianjokoma aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 12 serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, wakati wa vita vya Mau Mau. Shule za kujitegemea za Waafrika zikafungwa. Kuanzia mwaka 1954 familia za Embu, Meru na nchi ya Wakikuyu zikahamishwa kwa nguvu, zikasongamana katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Wasichana wengi wa rika hilo hawakuwahi kushika kalamu. Miaka 70 baadaye, tunapohesabu wanaosahau, tunawahesabu na walionyimwa akiba hiyo. Hawakuwa wavivu wa kusoma.

Kichwa kuumia kumo pia. Kijana anayepanda bodaboda bila helmeti kwenda Embu mjini anachezea kumbukumbu zake za mwaka 2070.

Sigara, pombe ya kupindukia, unene, kutosogeza mwili, huzuni ya muda mrefu isiyotibiwa: yote yamo. Kwa kusogeza mwili, vilima vyetu vimetusaidia, maana kutoka mtoni hadi barabarani ni mazoezi tosha. Vijana waliohamia mijini ndio wa kuangalia hilo.

Upweke nao. Je, wajua kwamba kutengwa na watu uzeeni kunakadiriwa kuchangia asilimia 5 ya visa, sawa na kukosa elimu? Watoto wako Nairobi na Dubai, simu hupigwa Jumapili, na mzee anabaki na redio. Chama cha akina mama, mazishi, kikao cha kiwanda cha kahawa, hata ugomvi mdogo wa mpaka wa shamba: kichwa kinafanya kazi mtu anapokuwa na watu.

Hewa chafu ni ya 14. Ushahidi wa jopo hilo umejengwa hasa juu ya chembechembe za moshi wa magari na viwanda, lakini aliyepika kwenye mafiga matatu kwa miaka 60, dirisha likiwa limezibwa kwa baridi ya mlima, anajua moshi una njia zake. Toboa dirisha.

Je, wajua kwamba kuna "dimensia" ambayo si dimensia, na hutibika? Mzee aliyeanguka kwenye mmakadamia mwezi uliopita akaonekana salama, leo anaanza kuongea visivyoeleweka: huenda damu inavilia polepole kati ya fuvu na ubongo, na upasuaji ukamrudisha alivyokuwa. Tezi ya thairoidi iliyolegea, B12 iliyopungua, huzuni kubwa, baadhi ya vidonge vya mzio na vya usingizi, vyote huweza kumfanya mtu aonekane amepoteza kumbukumbu. Na mtu aliyekuwa sawa Jumatatu, akawa amechanganyikiwa Jumatano, huyo ni wa kukimbizwa hospitali leo, kwa sababu yaweza kuwa nimonia, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Dimensia hutambaa kwa miezi na miaka. Ukiona kitu kimekuja mbio, tafuta kingine.

Je, wajua kwamba vipimo vingi vya kumbukumbu viliwaonea wazee wetu? Viliandikwa kwa ajili ya watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, toa 7 kutoka 100. Mtu ambaye hajawahi kushika penseli anaanguka akiwa mzima. Ndipo watafiti waliofanya kazi Hai na Nigeria wakatengeneza kipimo kiitwacho IDEA. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni nini. Hutaja majina ya wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka orodha ya maneno 10 aliyosomewa. Kisha hupewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Kila jikoni kuna kiberiti, na hakuna anayehitaji kusoma ili apange njiti.

Je, wajua kwamba kutojua ugonjwa huu kunaweza kuua watu? Oktoba 2021, eneo la Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowaita wachawi. Sijui afya yao ilikuwaje, wala hakuna hali ya afya ambayo ingehalalisha kilichotendeka. Lakini kila anayemtunza mgonjwa anajua jinsi bibi anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayekutwa katika boma la jirani bila kueleza amefikaje, anavyotazamwa kijijini. Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimewapa hifadhi wazee waliokimbia kuuawa kwa tuhuma hizo hizo. Huko Makueni, watafiti wa taasisi ya Profesa David Ndetei, Africa Mental Health Research and Training Foundation, walipozungumza na wanajamii kuhusu dimensia, walikutana na imani za aina hiyo, pamoja na ile ya kwamba ni uzee tu.

Je, wajua nani anabeba mzigo? Walezi wa nyumbani hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia mgonjwa, na asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Wanawake ndio pia wanaougua zaidi. Elizabeth Mutunga aliyajua haya kwa kumuuguza baba yake, akaanzisha Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, ambako walezi hukutana na kuambiana yale wasiyoweza kuyasema nyumbani.

Je, wajua kwamba Inua Jamii huwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi? Pesa hizo ni kamba ya uhai kwa wengi, nazo huenda zikataka nambari ya siri. Mtu anayesahau ameshakula hataikumbuka. Familia iketi mapema, mzee akiwa bado anaweza kuamua, ichague mtu mmoja mwaminifu mbele ya wengine wote. Vivyo hivyo hati ya shamba.

Je, wajua kwa nini nyanya yangu alisahau chai ya asubuhi lakini alikumbuka mwaka 1954? Alzheimer huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya zamani hukaa muda mrefu zaidi. Alikuwa akitueleza jembe alilochimbia mtaro lilivyokuwa na mpini mfupi, na nani alilala wapi katika nyumba ile ya kijiji. Usiku alisikia ngati, wale askari wa nyumbani wa serikali ya kikoloni, wakigonga mlango. Mwanzoni tulibishana naye: "Shosho, vita viliisha." Alizidi kutetemeka. Baadaye mama, yule yule mwizi wa bonasi, akajifunza kusema, "Nimefunga komeo, hawaingii," na kuketi kando yake mpaka alale. Wataalamu wanashauri hivyo hivyo: usimvute mgonjwa kwenye ulimwengu wako, mtulize aliko.

Je, wajua kuhusu watawa 678? Mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wazee wa Marekani mwaka 1986, nao wakakubali akili zao zipimwe kila mwaka na ubongo uchunguzwe baada ya kifo. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101, akili yake ikiwa timamu, na ubongo wake ulikutwa umejaa alama za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwepo kichwani, lakini hakuna aliyeuona.

Je, wajua kwamba hakuna dawa inayoponya Alzheimer? Donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, husaidia dalili kwa baadhi ya wagonjwa. Dawa mpya kama lecanemab hupunguza kasi kidogo tu kwa walio hatua za mwanzo, hutolewa kwa sindano na huhitaji picha za ubongo za mara kwa mara, na bei yake ni ya nchi nyingine. Ila huko Hai walijaribu jambo jingine: vikundi vidogo vya wagonjwa vilivyokutana mara 14 kwa mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuchangamsha akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha akili na hali ya maisha yao vikiimarika. Unachohitaji ni viti, chai na mtu aliyefundishwa.

Je, wajua kwamba kushona namba ya simu ndani ya sweta kunaweza kuokoa maisha? Juu ya Kianjokoma msitu wa Mlima Kenya hauko mbali, na usiku wa Julai ni baridi ya kuua. Mgonjwa akitoka, mara nyingi anakwenda mahali alipowahi kuwa na kazi au nyumba. Anzeni kumtafuta huko.

Na je, wajua kwamba mikono hukumbuka baada ya mdomo kusahau? Ujuzi uliorudiwa maelfu ya mara huhifadhiwa sehemu nyingine ya ubongo, ambayo Alzheimer huchelewa kuifikia. Mwaka wake wa mwisho nyanya hakujua jina langu. Tulimpeleka shambani asubuhi moja, tukamsimamisha kwenye mstari wa chai, kikapu tukampa mama. Akatazama kichaka kwa muda. Kisha vidole vikainuka vyenyewe: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kung'oa hata jani moja gumu. Alipojaza kiganja alimgeukia mama, akamwekea kwenye kikapu, akamwambia, "Hizi ni zako."